Lord Rayleigh: Mwana wa kabaila aliyefumbua siri ya upepo unaoimba

KATIKA mitambo ya gesi asilia iliyojengwa baharini, wahandisi wamewahi kukumbana na jambo ambalo mgeni angelidhani ni la kishirikina. Bomba huanza kuimba. Hakuna aliyelipuliza wala kuligonga, lakini gesi inapopita kwa kasi fulani, mlio mkali husikika, hupanda ngazi moja baada ya nyingine kadiri kasi inavyoongezeka, na vyuma vilivyo karibu hutetemeka pamoja nao.

Mabomba ya aina hii si laini kwa ndani. Hutengenezwa kwa bamba la chuma lililokunjwa na kuzungushwa, likabaki na mifereji midogo iliyofuatana mithili ya koromeo la ng’ombe. Mikunjo hiyo ndiyo inayoliwezesha bomba kupinda na kunyooka mawimbi ya bahari yanapolisukuma. Lakini mikunjo iyo hiyo ndiyo inayozaa sauti.

Lau ingekuwa kelele tu, wafanyakazi wangeziba masikio na kuendelea na kazi. Hatari yenyewe imo katika mtetemo. Mabomba madogo yaliyounganishwa kando ya lile kubwa hutikiswa mamia ya mara kwa kila sekunde, usiku na mchana, hadi chuma kichoke na kupata nyufa. Na ufa katika bomba la gesi si jambo la kufanyiwa mzaha; cheche moja yatosha kuangamiza mtambo mzima na waliomo.

Wahandisi wanapoketi kukokotoa kiini cha balaa hiyo, hujikuta wakitumia kanuni za mtu aliyeaga dunia mnamo 1919. Alikuwa kabaila mwenye maelfu ya ekari, mwenye afya dhaifu, na sehemu kubwa ya majaribio yake aliyafanyia nyumbani kwa vifaa ambavyo fundi wa kijijini angeweza kuviunda. Jina lake lilikuwa John William Strutt, lakini ulimwengu wa sayansi unamjua kama Lord Rayleigh.

Mtoto dhaifu

Alizaliwa Novemba 12, 1842, huko Langford Grove katika jimbo la Essex, mashariki mwa Uingereza. Babake, John James Strutt, alikuwa Baroni wa pili wa Rayleigh, na makao ya ukoo wao yalikuwa Terling Place, kasri lililozungukwa na mashamba ya ngano na malisho ya ng’ombe. Mvulana huyo, akiwa kifungua mimba, alitarajiwa kurithi cheo, ardhi na kiti katika Bunge la Makabaila.

Hata hivyo, dalili za awali hazikuonyesha kwamba angeishi miaka mingi. Alipelekwa Eton, shule ya wana wa mabwanyenye, lakini maradhi yakamrudisha nyumbani punde tu. Akajaribiwa tena Harrow, na huko pia hakudumu. Wazazi wake walilazimika kumkabidhi kwa kasisi aliyefunza wavulana wachache mjini Torquay, kusini mwa nchi, ambako aliweza kusoma kwa utulivu.

Mnamo 1861 alijiunga na Chuo cha Trinity katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Alifika huko akiwa nyuma ya wenzake katika hisabati. Lakini aliangukia mikononi mwa Edward Routh, mwalimu aliyesifika kwa kuwanoa watahiniwa, na pia akahudhuria mihadhara ya George Stokes, profesa aliyependa kuthibitisha maneno yake kwa majaribio mbele ya wanafunzi. Kwa Routh alijifunza nidhamu ya hesabu; kwa Stokes alijifunza kwamba hesabu isiyoshuhudiwa na macho ni nusu ya ukweli.

Matokeo ya mtihani wa mwisho yalipotangazwa mnamo 1865, jina la kijana aliyekuwa nyuma lilikuwa juu ya orodha yote ya hisabati. Mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa mwanazuoni mshiriki wa Trinity.

Hapo ndipo alipokabiliwa na uamuzi ambao ungepima maisha yake yote. Haikuwa desturi kwa mrithi wa ubaroni kujifungia chumbani na mirija ya vioo. Kazi ya kabaila ilikuwa kusimamia ardhi, kuwinda na kushiriki siasa. Isitoshe, Cambridge yenyewe haikuwa na maabara ya fizikia ya kumfunza mwanafunzi. Maabara ya Cavendish ilikuja kufunguliwa mnamo 1874. Kijana Strutt aliporejea kutoka ziara ya Marekani mnamo 1868, alinunua vifaa kwa pesa zake mwenyewe, akaanza kujifunza majaribio pasipo mwalimu.

Chupa tupu na anga la samawati

Sauti ndiyo iliyomvutia kwanza. Kwa ushauri wa profesa mmoja, alijifunza Kijerumani ili aweze kusoma kazi za wanasayansi wa Ujerumani, na miongoni mwa vitabu vilivyomteka ni kile cha Hermann von Helmholtz kuhusu jinsi sikio linavyopokea sauti za muziki.

Kila mtoto aliyewahi kupuliza juu ya mdomo wa chupa ya soda anajua kwamba chupa hutoa mvumo. Ukimimina maji kiasi ndani yake, mvumo huwa mwembamba zaidi. Helmholtz alikuwa amelieleza jambo hilo, Strutt alilipanua. Katika utafiti wake wa kwanza mkubwa kuhusu sauti, uliochapishwa mnamo 1871, alionyesha jinsi hewa iliyofungiwa inavyokuwa kama chemchemi, na jinsi hewa iliyo shingoni mwa chombo inavyokuwa kama mzigo unaopandishwa na kushushwa na chemchemi hiyo. Kila chombo kina mlio wake wa asili, na kikichokozwa kwa mdundo unaolingana na mlio huo, huitikia kwa nguvu kupita kiasi cha uchokozi wenyewe.

Mwaka huo huo wa 1871 aliufafanulia ulimwengu sababu ya anga kuwa la samawati: chembe ndogo mno zilizo angani hutawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu. Na Julai ya mwaka huo alifunga ndoa na Evelyn Balfour, dadake Arthur Balfour ambaye baadaye, kati ya 1902 na 1905, alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza. Kwa mujibu wa kanuni za enzi hizo, kuoa kulimpotezea nafasi yake katika Chuo cha Trinity.

Kitabu kilichozaliwa juu ya Mto Nile

Furaha ya ndoa haikudumu bila mtihani. Mnamo 1872 alishikwa na homa kali ya baridi yabisi iliyokaribia kumuua. Madaktari walimshauri aikimbie baridi ya Uingereza. Mwishoni mwa mwaka huo alisafiri hadi Misri pamoja na mkewe na shemeji yake, Eleanor Balfour, wakapanda dahabia, yaani mashua ya matanga yenye vyumba vya kuishi, wakaanza kupanda Mto Nile taratibu.

Abiria wengine wa mashua kama hizo walishuka kila uchao kutazama mahekalu ya Mafarao. Mgonjwa huyu alipendelea kubaki chumbani na karatasi zake. Juu ya maji yayo hayo yanayotoka Ziwa Victoria na nyanda za juu za Ethiopia, mbali na maktaba za Cambridge, alianza kuandika kitabu kuhusu nadharia ya sauti. Nyakati za mapumziko alimfunza shemeji yake hisabati, mbegu ambayo ingezaa matunda miaka kadhaa baadaye.

Alirejea kwao mnamo 1873 akiwa na nafuu, lakini Juni mwaka huo babake akafariki. Akiwa na umri wa miaka 30, mgonjwa wa jana akawa Baroni wa tatu wa Rayleigh, mwenye ekari zipatazo 7,000. Kwa muda alijaribu kuwa mkulima na mwanasayansi kwa pamoja. Mshika mawili, walivyoamba wahenga, moja humponyoka. Mnamo 1876 alimkabidhi ndugu yake mdogo, Edward, usimamizi wa mashamba yote. Ndugu huyo aliyaendesha kwa ufanisi mkubwa, naye Rayleigh akabaki na chumba chake cha majaribio pale Terling.

Kitabu kilichoanzia Misri kilitoka kwa juzuu mbili, ya kwanza mnamo 1877 na ya pili mnamo 1878. Hadi leo, The Theory of Sound hakijaacha kusomwa na wahandisi wa sauti. Nyuzi, ngoma, kengele, mabamba, filimbi na mabomba. Vyote viliwekwa chini ya kanuni chache za hesabu, kila moja ikithibitishwa kwa majaribio.

Uzi mbele ya dohani

Mlipo upepo na waya, mna muziki. Wagiriki wa kale walimhusisha mungu wao wa upepo, Aeolus, na sauti za aina hiyo, na huko Ulaya watu walitengeneza vinubi vya kuwekwa dirishani ili upepo uvicheze. Mwananchi wa kawaida husikia mlio huo huo chini ya nyaya za stima siku ya upepo mkali.

Mnamo 1878, mwanafizikia Vincenc Strouhal, mzaliwa wa Bohemia aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alizungusha nyaya hewani kwa kifaa maalumu, akagundua kwamba mlio hautegemei urefu wa waya wala jinsi ulivyokazwa. Hutegemea mambo mawili tu: kasi ya upepo na unene wa waya. Ukizidisha idadi ya mitetemo kwa unene, kisha ukagawanya kwa kasi, hupata takriban 0.2 kila mara. Hivyo basi, waya wenye unene wa milimita mbili ukipigwa na upepo wa mita 10 kwa sekunde hutoa mlio wa mitetemo ipatayo 1,000 kwa sekunde.

Lakini kwa nini? Iliaminika kwamba upepo husugua waya jinsi upinde unavyosugua fidla. Rayleigh hakutosheka na maelezo hayo. Mnamo 1879 alitandaza uzi mahali ambapo hewa ilivutwa na dohani, akatazama kwa makini uzi huo ukitetemeka. Lau msuguano ndio uliokuwa chanzo, uzi ungelitikisika kufuata mkondo wa hewa. Alichokiona ni kinyume: uzi ulitetemeka kukingama na upepo, kulia na kushoto kwa mkondo.

Ugunduzi huo mdogo uliubadilisha mjadala. Ulimaanisha kwamba hewa inapopita haikwaruzi uzi, bali huusukuma upande huu kisha upande ule. Leo inafahamika kwamba nyuma ya waya huzaliwa visulisuli vidogo, kimoja upande mmoja na kingine upande wa pili kwa zamu, na kila kinapong’oka huacha msukumo. Mpangilio wa visulisuli hivyo ulikuja kuelezwa kihesabu na Theodore von Kármán mnamo 1911, lakini njia ilikuwa imefyekwa mbele ya dohani.

Katika kipindi hicho hicho Rayleigh alikabili swali jingine lililo jirani. Mnamo 1880 alichapisha hesabu kuhusu mikondo miwili ya hewa au maji inayopita sambamba kwa kasi tofauti. Alionyesha kwamba mpaka kati ya mikondo hiyo hauna uthabiti: msukosuko mdogo kabisa hukua, mpaka ukajikunja na kuviringika. Baadaye, katika majaribio ya mwaka 1884, aliutazama mkondo mwembamba wa moshi kwa mwanga uliokatizwakatizwa, akaona jinsi sauti inavyoweza kuuamuru moshi huo ujikunje kwa mdundo wake.

Mambo hayo mawili ndiyo siri ya bomba linaloimba. Gesi iendayo kasi hupita juu ya kila mfereji, huku gesi iliyo ndani ya mfereji ikikaribia kutulia. Mpaka kati yazo hujikunja ukawa kisulisuli, nacho hugonga ukingo wa mbele. Kila kigongo ni mdundo mdogo usioweza kusikika peke yake. Lakini bomba zima, kama chupa ya soda, lina milio yake ya asili. Bomba la urefu wa mita moja lililo wazi pande zote mbili, likiwa na hewa ya kawaida, hupenda mitetemo ipatayo 170 kwa sekunde, na maradufu yake, na maratatu yake.

Midundo ya visulisuli inapokaribia mojawapo ya milio hiyo, bomba huitikia. Sauti ikishaanza, huyaamuru mamia ya mifereji kutoa visulisuli kwa wakati mmoja, kama kwaya iliyompata kiongozi. Visulisuli huongeza sauti, na sauti huvipanga visulisuli. Ndiyo maana mlio haupandi polepole, bali huruka ngazi, na ndiyo maana bomba laini la ukubwa uo huo hukaa kimya. Mtoto anayezungusha bomba la plastiki lenye mikunjo juu ya kichwa chake ili livume hucheza na kanuni zile zile zinazowakosesha wahandisi usingizi.

Cambridge, wanawake na kipimo cha umeme

Novemba 1879, James Clerk Maxwell, mkuu wa kwanza wa Maabara ya Cavendish, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 48. Rayleigh aliombwa kuchukua nafasi yake. Kwa kabaila kukubali kazi ya mshahara lilikuwa jambo geni, lakini mapato ya mashamba ya Uingereza yalikuwa yameporomoka miaka hiyo, naye akakubali kwa masharti kwamba hangekaa muda mrefu.

Alikaa miaka mitano tu, lakini aliiacha maabara ikiwa na sura mpya. Mafunzo ya majaribio yaliwekewa utaratibu, na madarasa yakafunguliwa kwa wanawake pia. Pamoja na wasaidizi wake alipima upya vipimo vya msingi vya umeme, yaani omu, ampea na volti, kwa usahihi ambao haukuwa umefikiwa kabla ya hapo. Miongoni mwa walioandika ripoti hizo pamoja naye ni Eleanor, yule shemeji aliyefunzwa hisabati juu ya Mto Nile, ambaye sasa alikuwa ameolewa na kuitwa Eleanor Sidgwick. Baadaye alikuwa mkuu wa Chuo cha Newnham, mojawapo ya vyuo vya kwanza vya wanawake Cambridge.

Mnamo 1884 Rayleigh alijiuzulu, akarejea Terling na msaidizi wake George Gordon. Vyumba vya kasri viligeuzwa maabara. Wageni waliozoea maabara za fahari walishangaa kuona vifaa vilivyounganishwa kwa nta, nyuzi na vipande vya mbao. Alitumia filimbi za kuwaitia ndege kuzalisha sauti nyembamba zisizosikika, na ndimi za moto wa gesi zilizoruka kila sauti hizo zilipozifikia. Kifaa kilikuwa kizuri iwapo sehemu iliyohitaji usahihi ilikuwa sahihi, zilizobaki hazikumshughulisha.

Tofauti ndogo iliyozaa gesi mpya

Jaribio lililomletea umaarufu mkubwa lilihusu uzito wa gesi. Alikuwa akipima uzito wa naitrojeni, kazi ya kuchosha isiyo na mvuto wowote. Alipoipata naitrojeni kwa kuondoa oksijeni katika hewa ya kawaida, lita moja ilikuwa na uzito wa gramu 1.2572. Alipoipata kutokana na kemikali, ilikuwa gramu 1.2505. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Wengi wangesema mizani imekosea, wakachukua wastani na kulala usingizi mnono.

Rayleigh alikataa kulala. Alirudia kazi hiyo tena na tena akitafuta kosa lake mwenyewe. Aliposhindwa kulipata, aliandika barua katika jarida la Nature mnamo 1892 akieleza wazi kwamba amekwama, na kuwaomba wanakemia wamsaidie. Si kila bwana mkubwa ambaye angelikiri hadharani kwamba jambo limemshinda.

Mwanakemia William Ramsay aliitikia. Kila mmoja kwa njia yake, wakiwasiliana kwa barua, waliondoa naitrojeni yote katika hewa, wakabaki na kiasi kidogo cha gesi isiyokubali kuungana na kitu chochote. Agosti 1894 walitangaza ugunduzi huo katika mkutano wa wanasayansi mjini Oxford. Gesi hiyo iliitwa agoni, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu. Ni takriban asilimia moja ya hewa yote. Binadamu alikuwa ameivuta puani tangu enzi na enzi bila kuijua.

Baadhi ya wanakemia walibeza, wakishangaa inakuwaje mwanafizikia awaonyeshe kitu kilichokuwa chini ya pua zao. Muda ulithibitisha ukweli. Mnamo 1904 Rayleigh alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia, naye Ramsay akapata ya kemia. Pesa za tuzo Rayleigh aliipa Cambridge kwa ajili ya maabara na maktaba yake.

Sauti ya waliokataliwa

Uadilifu huo ulijitokeza pia katika kisa kisichojulikana na wengi. Akiwa Katibu wa Shirika la Kifalme la sayansi, kati ya 1885 na 1896, Rayleigh alipekua hifadhi za shirika hilo, akakuta andiko la mwaka 1845 lililotupwa kapuni, kwa namna ya kusema. Mwandishi wake, John James Waterston, Mskoti aliyewahi kufanya kazi Bombay, alikuwa ameeleza kwamba joto na shinikizo la gesi hutokana na mwendo wa chembe zake. Wasomaji wa shirika walilikataa. Miaka ilipopita, wengine waligundua jambo hilo hilo na kusifiwa, ilhali Waterston alitoweka mnamo 1883 bila kutambuliwa.

Rayleigh alilichapisha andiko hilo mnamo 1892 na kuandika utangulizi uliokiri kosa la shirika lake mwenyewe. Pengine alikuwa na sababu ya kumhurumia mwandishi asiye na jina. Mwanawe Robert, ambaye pia alikuwa mwanafizikia na aliyeandika wasifu wa babake, alisimulia jinsi makala moja ya Rayleigh ilivyokataliwa jina lake lilipoachwa kwa bahati mbaya. Wakaguzi walidhani ni kazi ya mbabaishaji. Jina lilipojulikana, makala iyo hiyo ikaonekana kuwa na thamani.

Uzeeni bila kustaafu

Vyeo vilimfuata bila yeye kuvikimbilia. Aliliongoza Shirika la Kifalme kuanzia 1905 hadi 1908, kisha akawa Chansela wa Cambridge hadi kufa kwake. Kuanzia 1896 alikuwa mshauri wa kisayansi wa mamlaka inayosimamia minara ya taa ya pwani ya Uingereza. Huko, elimu yake ya sauti iliokoa maisha moja kwa moja. Kwenye ukungu taa haisaidii, na nahodha hutegemea honi. Rayleigh alipendekeza honi yenye mdomo mwembamba uliorefuka kwenda juu, ili sauti isambae kuelekea kushoto na kulia baharini badala ya kupotea angani.

Serikali ilipounda kamati ya kushauri kuhusu usafiri wa ndege mnamo 1909, yeye ndiye aliyekabidhiwa uenyekiti. Mnamo 1915, akiwa na umri wa miaka 72, aliirudia ile mada ya nyaya zinazoimba. Alionyesha kwamba namba ya Strouhal hutegemea pia unato wa hewa, akaiweka katika umbo linalotumiwa na wahandisi hadi leo. Mnamo 1917, wakati wa vita, alikokotoa shinikizo linalotokea kiputo kinapobomoka ndani ya maji, jambo linaloeleza jinsi panga za meli zinavyoliwa na maji huku zikipiga kelele.

Kanuni yake nyingine, aliyoitoa mnamo 1878, ilieleza kwamba joto likitiwa katika hewa wakati imebanwa na kuondolewa wakati imetanuka, sauti hukua. Wakati huo ilionekana kuwa maelezo ya mchezo wa maabara, mirija inayolia ikipashwa moto. Baada ya miongo kadhaa, waundaji wa injini za roketi waliona injini zao zikitetemeka na kupasuka, wakagundua kwamba adui yao alikuwa amekwisha kuelezwa.

Lord Rayleigh aliaga dunia Juni 30, 1919, nyumbani kwake Terling, akiwa na umri wa miaka 76. Mvulana aliyedhaniwa hangefika utu uzima alikuwa ameandika makala 446 za kisayansi, nyingine zikiwa bado hazijachapishwa alipofariki. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la kijiji chake, miongoni mwa wakulima. Mnamo 1921 bamba la kumbukumbu yake liliwekwa katika kanisa la Westminster Abbey jijini London.

 Leo, mtambo wa gesi unapoanza kulia baharini, wahandisi hupima upana wa mifereji, kasi ya gesi na urefu wa bomba, wakatafuta kasi ambayo visulisuli na bomba vitaanza kuitikiana. Baadhi hupunguza kasi ya gesi, wengine hubadilisha umbo la mikunjo, na wengine huweka bomba laini mahali pake. Wote hufuata njia iliyoanzia kwenye uzi mmoja uliotetemeka mbele ya dohani, na kwa mtu aliyeutazama kwa subira hadi akajua ulikuwa ukielekea upande gani.